"Mama, usiniombee, Mungu atasikia"

SWALI

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo mama.

Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili katika mtaa mmoja, yaani tawi la usharika, wa Kilutheri huku Njombe. Nina miaka 24, nalima viazi pamoja na wazazi wangu, na Jumapili nafundisha watoto. Sijasomea ualimu. Nilipomaliza kidato cha nne mwinjilisti aliniomba nisaidie kwa kuwa najua kuimba, nikabaki hapo mpaka leo.

Darasa letu ni stoo ya kanisa, ile tunamowekea mahindi na viazi vya sikukuu ya mavuno kabla ya mnada. Watoto wanafika 60, kuanzia wa miaka mitatu anayebebwa mgongoni na dada yake hadi wa darasa la sita. Walimu tuko wawili. Mwenzangu ni mama mtu mzima, alinifundisha hata mimi nilipokuwa mdogo, na namheshimu kama mzazi. Kelele zikizidi, mzee mmoja wa kanisa huja na fimbo, huwachapa walio karibu na mlango, kisha hurudi ibadani.

Kilichonifanya nikuandikie ni mtoto wa miaka sita, yuko darasa la awali. Nitamwita Baraka, ingawa si jina lake. Baba yake alikuwa dereva wa bodaboda na alifariki kwa ajali mwezi wa tano. Jumapili ya kwanza Baraka aliporudi darasani, mwenzangu alimsimamisha mbele ili tumwombee. Akamwambia, kwa upendo kabisa: "Usilie mwanangu. Mungu alimpenda sana baba yako, ndiyo maana akamchukua. Sasa ni malaika. Na wewe ukiwa mtoto mzuri, ukisali kila siku, Mungu atakupenda vilevile." Watoto wote wakaitikia amina.

Tangu siku hiyo tukisema tufumbe macho tuombe, Baraka anatoka nje. Hapigi kelele wala hasumbui wenzake, anatoka tu na kusimama ukutani mpaka tumalize. Nilipokwenda kwao, mama yake aliniambia kwamba mtoto hataki kulala peke yake na ameanza tena kukojoa kitandani. Mama akipiga magoti usiku, Baraka anamziba mdomo kwa mkono na kumwambia: "Mama, usiniombee, Mungu atasikia."

Mwishoni mwa Septemba tuna sikukuu ya Mikaeli na Watoto, siku ya kanisa ya malaika mkuu Mikaeli ambayo watoto huongoza ibada. Baraka alipangiwa ubeti katika ngonjera ya malaika na amekataa kuusema. Mwenzangu anasema ni roho ya ukaidi, apelekwe kwa wazee aombewe. Yule mzee anasema fimbo itamnyoosha. Mimi nashindwa kulala. Nimwambie nini mtoto huyu bila kuharibu imani yake, na bila kumvunjia heshima mama aliyenilea? Na nitamsikilizaje mmoja wakati nina 60?

Mwalimu wa watoto, Njombe

JIBU

Amina, binti yangu. Marahaba.

Umefanya vema kwenda kwao kabla ya kuniandikia. Kama ungebaki stoo ungeona tu mtoto anayetoka nje wakati wa maombi, na pengine nawe ungeanza kuamini habari za ukaidi.

Baraka si mkaidi. Baraka amesikiliza kuliko watoto wote mliokuwa nao siku ile. Ameambiwa Mungu akimpenda mtu humchukua. Ameambiwa mtoto mzuri anayesali atapendwa vilevile kama baba alivyopendwa. Akaunganisha maneno hayo mawili na kupata jibu ambalo hata mtu mzima angelipata: nikisali nitapendwa, nikipendwa nitakufa. Na mama akiniombea, ataniweka machoni pa yule aliyemchukua baba. Basi anajikinga kwa njia pekee aliyo nayo, kwa kutoka nje na kumziba mama mdomo. Hebu fikiria mtoto wa miaka sita anavyolibeba hilo kila usiku, tena peke yake.

Mtoto wa umri huu hupokea maneno kama yalivyo. Sisi watu wazima tukiwa msibani tunasema marehemu amelala, amesafiri, ametutangulia, na kila mmoja anaelewa. Mtoto akiambiwa baba amelala, anaanza kuogopa kitanda. Akiambiwa amesafiri, atakaa barazani akisubiri arudi, na kadiri siku zinavyopita atajiuliza amemkosea nini baba hata harudi wala hapigi simu. Akiambiwa baba anamtazama kutoka juu, anaweza kuogopa hata kuvua nguo aoge. Mtoto mdogo bado hajashika kwamba kifo hakina kurudi, na mara nyingi hujilaumu kimoyomoyo: labda kwa sababu nilimkasirikia, labda kwa sababu sikumpa mkono alipoondoka. Ndiyo maana atauliza leo, atauliza kesho, kisha atakwenda kucheza mpira kana kwamba hakuna kilichotokea, na usiku atalia. Huko si kusahau wala si unafiki. Watoto huomboleza kidogo kidogo, wanapumzika, wanarudia.

Unaogopa kwamba kusema wazi kutaharibu imani yake. Fungua Yohana sura ya 11. Yesu anawaambia wanafunzi kwamba rafiki yao Lazaro amelala. Wanafunzi, watu wazima wenye ndevu, wanadhani anasema habari za usingizi, wakajibu kwamba kama amelala atapona. Ndipo mstari wa 14 unasema: "Basi hapo Yesu akawaambia waziwazi, Lazaro amekufa." Kama mitume walihitaji kuambiwa waziwazi, Baraka anahitaji zaidi. Na baada ya hapo, kaburini, Yesu mwenyewe akalia machozi, akijua kabisa kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke. Hakumwambia Martha wala Mariamu, dada zake Lazaro, asilie.

Juu ya malaika, hapa mama mwenzako amekosea, na nasema hivyo bila kumdharau, maana neno hilo husemwa kwenye misiba mingi nchini. Biblia haifundishi popote kwamba mtu akifa hugeuka malaika. Malaika ni viumbe vya Mungu vya namna nyingine. Tumaini letu sisi Walutheri tunalikiri kila Jumapili katika Imani ya Mitume: ufufuo wa mwili na uzima wa milele. Baba yake Baraka ni baba yake Baraka, hakugeuzwa kitu kingine, na mtoto ana haki ya kumkumbuka kwa sura yake, na kofia yake ya pikipiki na sauti yake. Kumwambia baba amekuwa malaika ni kumnyang'anya baba mara ya pili.

Najua kuna atakayesema, je, Ayubu hakusema Bwana alitoa, Bwana ametwaa? Alisema, katika sura ya kwanza. Lakini angalia nani alisema. Ayubu aliyasema kwa kinywa chake, juu ya watoto wake mwenyewe waliokufa. Hakusemewa na jirani. Rafiki zake walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema naye neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Siku hizo saba ndizo walizofanya vizuri. Walipofungua vinywa kueleza kwa nini Mungu ametenda, ndipo walipoanza kukosea, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea kwa hilo. Siku Baraka akiwa mtu mzima, akitaka kusema maneno ya Ayubu juu ya baba yake, ni yake kuyasema. Sisi tusimwekee mdomoni akiwa na miaka sita.

Sasa, namna ya kusema naye. Usifanye darasani. Aliumizwa mbele ya watu 60, asiponywe mbele ya watu 60. Mwombe mama yake ruhusa, mpange siku ya kawaida, jioni, baada ya kazi za shamba. Kaeni watatu jikoni au uani, penye kazi ndogo ya mikono, kumenya viazi au kuchambua maharage, kwa sababu mtoto huongea vizuri asipokodolewa macho. Keti chini, macho yenu yalingane. Mama yake akiweza aanze yeye; akishindwa, anza wewe, yeye amshike tu. Nakuandikia maneno, uyabadilishe yaendane na mnavyosema kwenu:

"Baraka, nataka kukueleza baba alivyokufa. Pikipiki ilipata ajali. Mwili wa baba uliumia sana, ukashindwa kupona. Akafa. Mtu akifa, mwili wake hauumwi tena, hausikii baridi wala njaa. Hawezi kurudi nyumbani, na hiyo inatuhuzunisha sana, mimi, mama, na wewe."

Nyamaza hapo. Mpe muda. Halafu lile lenyewe:

"Darasani uliambiwa Mungu alimchukua baba kwa sababu alimpenda. Siyo hivyo. Ajali ndiyo iliyomuua baba. Mungu anampenda baba, anampenda mama, anakupenda wewe, na kupendwa na Mungu hakumfanyi mtu afe. Kuomba hakumfanyi mtu afe. Mama anaomba kila siku na yuko hapa. Mimi naomba na niko hapa. Na wewe hukufanya kosa lolote lililomfanya baba afe."

Hayo ya mwisho yaseme hata kama hajauliza, kwa sababu swali hilo mtoto halitoi nje.

Atakuuliza kwa nini Mungu hakuizuia ajali. Mjibu kweli: "Sijui. Mimi pia najiuliza." Usiogope kwamba mwalimu anatakiwa ajue. Martin Luther, ambaye kanisa letu limepata jina kwake, aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 ili wazazi wawafundishe watoto nyumbani, na katika kitabu hicho swali la maana yake nini linarudi tena na tena, kwani alitaka mtoto aulize. Mtu huyo huyo alimzika binti yake Magdalena mwaka 1542, binti wa miaka 13, akalia waziwazi mbele ya rafiki zake ingawa aliamini ufufuo kwa moyo wote. Imani ambayo Baraka atarithi katika kanisa lenu imepita mikononi mwa baba aliyelia hivyo.

Akiuliza pia, "Na wewe mama utakufa?", asiahidiwe kwamba hafi kamwe. Mama aseme: "Watu wengi huishi mpaka wazeeke, nami natumaini kukaa nawe mpaka uwe mkubwa sana. Na likitokea lolote, bibi yupo, mjomba yupo, hutabaki peke yako." Wataje kwa majina, watu anaowajua. Kitakachomlaza usingizi ni kujua nani atampikia uji.

Mazungumzo hayo hayatatosha mara moja. Atarudia maswali yale yale wiki ijayo, nanyi mrudie majibu yale yale kwa maneno yale yale. Kuhusu maombi, msimlazimishe. Mama aendelee kuomba, lakini kwa sasa aombe kwa sauti, maombi mafupi ya kawaida, ya shukrani kwa chakula na kwa siku, ili mtoto asikie kinachosemwa na aone kwamba asubuhi kila mtu ameamka. Akitaka kukaa pembeni na macho wazi, akae. Akitaka kumwambia Mungu kwamba amemkasirikia, aseme, Zaburi ya 13 inaanza hivyohivyo, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?", na imo katika kitabu tunachoimba kanisani. Darasani, mkisema tuombe naye akatoka, mmoja wenu asimame karibu naye huko ukutani, bila kumhoji. Asiachwe nje peke yake kama aliyefukuzwa.

Mwambie mama asimchape wala asimcheke kwa kukojoa kitandani. Mtoto mwenye hofu hurudi nyuma kidogo, na kwa kawaida hupita. Ila kama miezi inapita bado hali chakula vizuri, halali usingizi, amejitenga na wenzake, au mkimsikia akisema anataka kumfuata baba, msibaki na maombi peke yake. Mpelekeni hospitali ya wilaya na mwulize afisa ustawi wa jamii. Pia kuna simu ya watoto, namba 116, haina malipo.

Sikukuu ya Mikaeli iko karibu, na hapa nakuomba usimame imara. Baraka asisome ubeti wa malaika. Muulize yeye: anataka kuimba katikati ya kundi, kushika bendera, au kukaa na mama yake kwenye benchi? Achague, na lolote atakalochagua liheshimiwe. Halafu wewe na mwenzako ipitieni ngonjera yote. Kama kuna mstari unaosema Mungu huwachuma maua mazuri au huwaita anaowapenda, ufuteni, kwa sababu katika watoto 60 Baraka hawezi kuwa yatima pekee. Mnayo maneno bora ya siku hiyo katika Mathayo 18:10, "Angalieni msidharau mmojawapo wa wadogo hawa." Hayo yasomwe na mzee wa kanisa, kwa sauti, mbele ya usharika.

Kwa mwenzako, mwendee nyumbani kwake, peke yako, na umsalimu unavyomsalimu siku zote. Usianze na kosa lake. Anza na usiku wa Baraka: mweleze mtoto anavyomziba mama yake mdomo, kwa maneno yenyewe. Mama aliyefundisha watoto miaka yote hiyo akisikia hivyo hatahitaji kuelezwa mengine. Naamini atalia kabla hujamaliza. Kisha mwombe yeye mwenyewe amwambie Baraka, "Nilikosea nilivyokueleza, Mungu hamchukui mtu kwa kumpenda." Likitoka kinywani mwake litakuwa na nguvu kuliko likitoka kwako, maana ndiye aliyesema la kwanza. Akikataa, nenda kwa mwinjilisti, na kama haisaidii, kwa mchungaji. Heshima kwa mkubwa haijawahi kudai mtoto abaki na hofu.

Fimbo iondoke. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto adhabu ya kikatili, lakini hata bila sheria, mtoto anayechapwa kwa kukaa karibu na mlango anafundishwa nini juu ya nyumba ya Mungu? Katika Marko 10 wanafunzi ndio waliowakemea waliowaleta watoto, na Yesu akachukizwa nao, si na watoto. Mwombe mwinjilisti aseme na mzee huyo, isiwe wewe. Mzee pia ana hoja moja ya kweli, kelele zinafika ibadani, na hiyo ina dawa.

Watoto 60 wa umri wa miaka mitatu hadi kumi na mbili hawawezi kuwa darasa moja. Yatenge makundi matatu: wasioanza shule pamoja na wa awali, darasa la kwanza hadi la tatu, na wakubwa. Vijana waliomaliza kipaimara mwaka jana wako wapi? Wengi wamekaa nyuma kanisani wakichezea simu. Wachukue wanne, wawili wasichana na wawili wavulana, wafundishwe kwanza kukaa na watoto kabla ya kufundisha lolote. Siku zote wawepo wakubwa wawili kwa kila kundi, na mlango wazi. Wadogo watoke nje, chini ya mti, na siku ya baridi ya Njombe wabaki stoo wao, wakubwa ndio watoke.

Kwa hao wadogo, hadithi isizidi dakika kumi. Hadithi moja tu, iigizwe, kila mtoto apewe kitu cha kufanya: huyu ni mashua, huyu ni upepo. Chora picha nyuma ya karatasi za kalenda za mwaka uliopita. Mstari wa kukariri uwe mfupi, na kabla ya kuukariri waulize wameelewa nini, utashangaa. Hapo ndipo utakapokuwa ukiwasikia akina Baraka wengine kabla hofu haijakomaa, ndani ya kundi la 15 au 20, ambamo unajua nani kanyamaza leo.

Jambo la mwisho ni mama yake Baraka. Amefiwa na mume, analala na mtoto mwenye hofu, na hata kuomba kwake kumezuiwa na mkono mdogo. Waambie umoja wa wanawake wamzungukie kwa kazi: mmoja amsaidie shamba, mwingine amchukue Baraka mchana mmoja acheze na wenzake. Nenda kwao wiki hii, usingoje sikukuu.